Hujamtuma dalali, vipi akuuzie nyumba?

Ukipita Ilala, Magomeni, Temeke au Mbagala utakuta kuta zimeandikwa kwa rangi: NYUMBA HII HAIUZWI. Wengine huongeza neno moja chini yake: MATAPELI. Mgeni wa jiji la Dar es Salaam huenda akashangaa, kwani tangu lini mtu akatangaza kitu asichokiuza? Sisi wenyeji hatushangai. Maandishi yale ni ya mtu aliyechoka kugongewa mlango, kupigiwa simu na namba asizozijua, na kurudi kutoka msikitini akakuta vijana wawili wanapima uwanja wake kwa futi. Na mara nyingi yameandikwa kwa sababu ndani ya nyumba yenyewe ndugu hawasikilizani.

Katika darsa ninayosomesha baada ya swala ya Isha, siku hizi ni nadra kupata swali la mirathi lisilokuwa na dalali ndani yake. Hivi karibuni mama mmoja aliuliza kutoka upande wa kina mama: "Ustadhi, mtu ukimwambia hapana mara tatu na bado anarudi, dini inamwitaje?" Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Amefiwa na mumewe, ameachiwa watoto watano na nyumba ya vyumba sita yenye banda la uani, na dalali wa kwanza alifika hata tanga halijaanuliwa. Nilimjibu kwa kifupi kwa sababu muda ulikuwa umekwisha. Jibu lenyewe kwa urefu ndilo hili.

Tuanze na haki ya dalali, tusije tukamdhulumu. Udalali si haramu. Imam Bukhari ameweka mlango maalumu kuhusu ujira wa dalali katika Sahihi yake, na humo akawataja Ibn Sirin, Ataa, Ibrahim na Hasan kuwa hawakuona ubaya wowote katika ujira huo. Qays bin Abi Gharaza (r.a.) naye amesimulia kwamba zama za Mtume (s.a.w.) wao wachuuzi wa Madina walikuwa wakiitwa samasira, yaani madalali. Mtume akawapitia, akawaita kwa jina zuri zaidi kuliko hilo, wafanyabiashara, kisha akawazindua kwamba biashara huingiwa na maneno ya upuuzi na viapo, basi waichanganye na sadaka. Hadithi hii wameipokea Abu Daud, Tirmidhi na wengineo. Tazama hekima iliyomo. Hakuwafukuza sokoni, bali aliwaonyesha ugonjwa wa kazi yao uko wapi. Uko mdomoni.

Nawafahamu vijana wa Kiislamu wanaoishi kwa udalali, wanaswali nasi safu moja, na wapo wakweli. Kwa hiyo sizungumzii kazi yenyewe. Nazungumzia mtu anayeingia kwenye nyumba ya watu bila kuitwa, akaambiwa hapana, akarudi kwa mlango mwingine.

Swali la kwanza ambalo mwenye nyumba anatakiwa amuulize mtu huyu ni fupi sana: nani kakutuma? Wengi hawaulizi. Wanakimbilia kuuliza bei, na wakishauliza bei wameshaingia kwenye mazungumzo. Katika fiqhi dalali ni wakala au mtu wa kukodiwa, na wakala hana nguvu yake mwenyewe. Nguvu yake yote ni ile aliyokasimiwa na aliyemtuma. Kama hukumtuma wewe, basi huyo si dalali wako hata akikuita mama, akakununulia sukari na kukuombea dua. Ni wakala wa mnunuzi, au hajatumwa na yeyote na anatafuta nyumba kwanza ndipo atafute mnunuzi. Wakala wa mnunuzi kazi yake ni kumpunguzia mnunuzi bei. Unapokaa naye ukamweleza shida zako, kwamba ada ya shule imekaba, kwamba kaka yako anataka fungu lake haraka, unamwambia mtu wa upande wa pili hadi wapi utakubali kushuka. Na kwa kuwa hukumtuma, hakudai ujira. Aliyemtuma ndiye amlipe.

Baada ya hapo lije neno ridhaa. Allah (s.w.) katika Suratun-Nisaa (4:29) amekataza watu kuliana mali kwa batili, isipokuwa iwe ni biashara ya kuridhiana. Waislamu wengi tunaisoma aya hii tukidhani inahusu wizi na riba tu. Inahusu pia ridhaa iliyokamuliwa. Mtu aliyepigiwa simu mara ishirini, akatishwa, akasemwa kwa watoto wake, mwisho akasema "haya basi, fanyeni mnavyotaka", huyo ameridhia nini? Amechoka tu. Na kunyamaza kwa mwenye mali si kuuza. Kuuza kunahitaji kauli au kitendo cha wazi kutoka kwake.

Nani anaweza kumlazimisha mtu auze nyumba yake? Katika vitabu vya sira na historia, kikiwemo Tabaqat cha Ibn Saad, imepokewa kwamba Khalifa Umar (r.a.) alitaka kuupanua msikiti wa Mtume Madina, na nyumba ya Abbas bin Abdul-Muttalib (r.a.) ilikuwa pembeni. Umar akampa hiari: aiuze, au ajengewe nyingine, au aitoe sadaka. Abbas akakataa zote. Wakaenda kuhukumiwa na Ubayy bin Kaab (r.a.), naye akahukumu kwamba haki iko kwa Abbas. Baada ya kushinda kesi, ndipo Abbas akaitoa bure kwa ajili ya Waislamu. Huyu anayeomba ni Amirul-Muuminina, jambo lenyewe ni msikiti wa Mtume, na bado "hapana" ya mwenye nyumba ilisimama. Ni kweli wanazuoni wamejadili ni lini dola inaweza kutwaa ardhi kwa maslahi ya umma na kulipa thamani yake. Lakini hayo ni mambo ya dola na raia wake. Mtu mwenye mteja anayetaka kujenga fremu za maduka hana hata robo ya hoja aliyokuwa nayo Umar.

Sasa tuzitazame mbinu zao, kwa sababu Sharia ilizitaja kabla ya madalali wetu hawajazaliwa.

Mbinu kubwa ni kumwahi mwenye mali kabla hajajua thamani ya mali yake. Zama za Mtume (s.a.w.) misafara ilikuja Madina na bidhaa kutoka mbali. Wajanja wa mjini walikuwa wakitoka kwenda kuipokea njiani, wananunua kwa bei ya chini kwa watu ambao hawajaliona soko. Mtume akakataza, na katika mapokezi ya Muslim imekuja kwamba mwenye bidhaa akishafika sokoni ana hiari ya kurudi nyuma. Leo msafara hauji kwa ngamia. Msafara ni bibi wa miaka sabini aliyekaa Magomeni tangu enzi za TANU, ambaye kwake yeye milioni mia moja ni fedha isiyo na mwisho. Dalali anamfuata humo humo barazani, kabla mtoto au mjukuu hajamwambia kiwanja cha mtaa wa tatu kilikwenda kwa kiasi gani. Tofauti ni kwamba mwenye ngamia angefika sokoni siku ya pili. Bibi hafiki sokoni. Soko analiona siku ghorofa linaposimama alipokuwa akianika mchele wake.

Dawa yake si ngumu. Nchi hii ina wathamini waliosajiliwa, na iko Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016. Mlipe mthamini, umtafute mwenyewe, usimkubali anayeletwa na dalali. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na unachoweza kupoteza. Hata kama huuzi, ijue thamani ya kilicho chako.

Mbinu ya pili ni wanunuzi wa kutengenezwa. Anakuja mmoja anasema milioni mia mbili. Kesho anakuja mwingine na gari zuri anasema mia na themanini. Keshokutwa wa tatu anatoa kasoro, choo kibovu, njia nyembamba, anasema mia na sitini. Wote watatu wametoka kijiwe kimoja. Wiki ikiisha mwenye nyumba mwenyewe anamwomba yule wa kwanza arudi. Mtume (s.a.w.) amekataza najash, nayo ni mtu kupandisha bei ya kitu asichotaka kukinunua ili amghuri mwingine. Hii ya kwetu ni najash iliyogeuzwa kichwa chini, wanateremsha badala ya kupandisha. Lengo ni lile lile na ghushi ni ile ile.

Mbinu ya tatu ni khofu. "Mzee, serikali inapita hapa, uza sasa hivi kabla hujapigwa X." Maneno haya yanatisha kwa sababu hayatoki hewani. Mwaka 2017 watu wa Kimara na kuendelea waliona nyumba zao zikibomolewa kwa ajili ya upanuzi wa Barabara ya Morogoro, baada ya kuambiwa kwamba zimo ndani ya hifadhi ya barabara. Lakini mradi wa serikali una ofisi. Nenda serikali ya mtaa, nenda halmashauri, uliza kwa barua na udai jibu kwa barua. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 imeweka msingi kwamba anayetwaliwa ardhi anayoimiliki kihalali alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Na jiulize jambo moja: kama kweli nyumba inakwenda kuvunjwa, huyo mteja wake anainunua ya nini?

Ipo nyingine ambayo wengi wananaswa nayo kwa haya zao. Dalali anakuja na mteja, wanakaa, wanakunywa maji, wakati wa kuondoka mteja anaacha laki tano juu ya meza. "Hii ya soda tu, mzee, ya kufungulia mazungumzo." Baada ya wiki ile fedha inaitwa arubuni, na baada ya mwezi wanadai kwamba ulishauza. Fedha iliyoachwa bila wewe kutamka kuuza, bila bei na bila maandishi, si sehemu ya bei ya chochote. Iko mikononi mwako kama amana. Irudishe siku hiyo hiyo, mbele ya watu wawili, na aliyeipokea atie saini. Mwenye busara hasubiri hadi kesho, maana usiku huo huo mtoto anaweza kuugua na ile fedha ikatumika. Kuhusu arubuni yenyewe, ile ambayo mnunuzi akighairi anaipoteza, maulamaa wamekhitalifiana. Imam Ahmad ameijuzisha na wengi wao, wakiwemo Mashafii, wameikataa. Ila hakuna hata mmoja aliyesema kwamba ukimwekea mtu fedha mezani kwake umemnunulia nyumba.

Hata hivyo, ndugu msomaji, tukiwasema madalali peke yao tutakuwa tumejidanganya. Mlango ambao dalali anaupata wazi kuliko yote ni mirathi isiyogawanywa. Baba amefariki miaka kumi, nyumba bado ina jina lake, hakuna msimamizi wa mirathi, kaka mkubwa ndiye anayepokea kodi ya wapangaji na wengine wananung'unika pembeni. Dalali mzoefu hagongi kwa kaka mkubwa. Anamtafuta mdogo wao aliye na madeni, anampa nauli, anamwambia: "Wenzako wanakula kodi, wewe unalala njaa na nyumba ya baba yako ipo." Maneno haya yangekosa pa kukaa kama wenye nyumba wangefanya alivyoamrisha Allah (s.w.).

Tupige hesabu ya yule mama wa darsani. Nyumba tuikadirie milioni 400, kwa mfano tu. Marehemu hakuacha deni wala wasia, na wazazi wake wametangulia mbele ya haki. Kama mama naye alitoa fedha yake katika kujenga, kwanza itolewe haki yake hiyo, ndipo kinachobaki kiitwe mirathi. Tuseme hakutoa. Wamebaki mke, watoto wawili wa kiume na watatu wa kike. Mke ana thumni, sehemu moja ya nane (4:12). Saba zinazobaki ni za watoto, wa kiume apate mfano wa wa kike wawili (4:11). Ndiyo kusema kila binti ana sehemu moja na kila kijana ana mbili. Mama milioni 50, kila binti 50, kila kijana 100.

Aingie dalali. Mazoea ya mjini ni asilimia kumi, ingawa wako wanaokubali tano. Asilimia kumi ya milioni 400 ni milioni 40, na inakatwa juu kabla ya kugawa. Zinabaki 360. Sasa mama anapata 45. Mjane aliyeishi na marehemu, akamzalia watoto watano na kumuuguza, anapata 45, na mtu aliyekuja na daftari na simu mbili anapata 40. Amekuwa mrithi wa saba.

Hapo ni kama alisema kweli. Kuna kitu wanakiita "cha juu". Mnunuzi amelipa milioni 450, ninyi mmeambiwa 400. Hamsini nyingine imeishia njiani. Jumlisha na arobaini yake ya halali, amepata 90. Kila kijana wa marehemu, baada ya makato, amepata 90. Amefikia fungu la mtoto wa kiume.

Madalali wenye elimu kidogo ya dini wana hoja yao hapa, na nimeisikia. Wanasema Ibn Abbas (r.a.) aliruhusu mtu kumwambia mwenzake auze nguo kwa bei fulani na kinachozidi kiwe chake. Kauli hiyo ipo, Bukhari ameitaja katika mlango ule ule wa ujira wa dalali, na Imam Ahmad ameichukua. Wengine waliona ujira usiojulikana kiasi chake unaharibu makubaliano. Lakini hata ukiichukua kauli ya Ibn Abbas, isome vizuri. Anayesema "kinachozidi ni chako" ni mwenye nguo! Ametamka mwenyewe na anajua. Cha juu cha Dar es Salaam mwenye nyumba hakijui, na hapo kinageuka kuwa khiyana ya wakala. Mtume (s.a.w.) alimpa Urwa Al-Bariqi (r.a.) dinari moja amnunulie kondoo. Urwa akanunua wawili kwa dinari ile, akamuuza mmoja kwa dinari, akarudi na kondoo na dinari yake. Mtume akamuombea baraka katika biashara zake. Ile dinari ya ziada hakuificha kwenye kanzu, ilirudi kwa aliyemtuma. Ndivyo alivyo wakala.

Hivyo kabla ya kujadili kuuza au kutouza, kaeni mgawane kwa maandishi. Kugawa mirathi hakuna maana ya kuuza, na hapa watu wengi wanachanganya. Kila mrithi anaweza kulijua fungu lake, likaandikwa, na nyumba ikabaki imesimama, kodi ikigawanywa kwa mafungu hayo hayo. Binti aliyeolewa Tanga apelekewe yake kila mwezi. Fungulieni shauri la mirathi katika mahakama ya mwanzo, ateuliwe msimamizi mnayemwamini, na huyo msimamizi aelezwe mapema kuwa kusimamia si kumiliki. Nimeona wasimamizi wakiibeba barua ya mahakama kama hati ya kuwarithi ndugu zao.

Na yule mdogo mwenye madeni, akiamua kweli kuuza fungu lake? Ni haki yake, hatumzuii. Ila Sharia imeweka shufaa. Katika hadithi ya Jabir (r.a.), Mtume (s.a.w.) amehukumu shufaa katika kila kisichogawanywa, na katika mapokezi ya Muslim imekuja kwamba si halali kwa mshirika kuuza mpaka amjulishe mwenzake, akitaka achukue na asipotaka aache. Maana yake ndugu zake wana haki ya kwanza kwa bei ile ile. Chukulia wale mabinti watatu na mama yao. Wakichangishana, wakakopeshana bila riba, wanaweza kulinunua fungu la kaka yao, naye akalipa madeni, na mgeni asiingie uani. Hili ni bora kuliko kumgomea na kumwita mlafi mpaka auze kwa siri. Fungu la siri ndilo linaloleta mgeni na polisi asubuhi.

Kuhusu eda nina neno moja. Mjane ana miezi minne na siku kumi (2:234), na Furaya bint Malik (r.a.) alipofiwa, Mtume (s.a.w.) alimwambia akae katika nyumba yake mpaka muda utimie. Katika muda huo hata mchumba haruhusiwi kumtamkia waziwazi (2:235). Sifanyi kiyasi, lakini kama mwenye kutaka kuoa anaamrishwa astahi, huyu mwenye futi mkononi haraka yake ni ya nini? Watoto wa kiume wa nyumba wasimame mlangoni, wamwambie kwa adabu kwamba mama yuko edani na haongei biashara.

Namna ya kukataa nayo ina elimu yake. Usiseme "labda", "tutaona", "njoo mwisho wa mwezi". Kwetu sisi watu wa pwani hayo ni maneno ya kukataa kwa upole, ila dalali kwake ni ahadi, na kusema kweli si kosa lake peke yake. Sema hatuuzi, na wote nyumbani waseme neno hilo hilo. Akirudi, muombe barua yenye jina la aliyemtuma na anwani yake. Wengi wanaishia hapo. Akizidi, mwambie mwenyekiti wa mtaa mbele ya mashahidi na iandikwe. Akianza vitisho, hilo si jambo la biashara tena, ni la kituo cha polisi.

Vilevile mwenye nyumba asijifanye mjanja. Wako wanaomzungusha dalali miezi mitatu, wanampandisha na kumshusha na wateja, halafu wanamalizana na mteja wake kwa mlango wa nyuma ili wasimlipe. Katika hadithi qudsi aliyoipokea Bukhari, miongoni mwa watu watatu ambao Allah atakuwa khasimu yao Siku ya Kiyama ni aliyemkodi mtu, akamaliza kumtumikisha, asimpe ujira wake. Ukimtuma dalali, mlipe. Na ukiamua kumtuma, andikeni: ni yupi anayemtuma, bei ya chini ni ipi, ujira wake ni kiasi gani, kinachozidi bei hiyo ni cha nani, na uwakala wake unakwisha tarehe gani. Fedha ya mnunuzi isipite mikononi mwake, iingie benki katika akaunti ya wenye haki. Mkataba wa kuuza ardhi lazima uwe wa maandishi kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi, na ikiwa ni nyumba ya wanandoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mmoja kuiuza bila ridhaa ya mwenzake. Mume anayesema "nyumba ni yangu, mke anahusu nini" atafute wakili kabla ya kutafuta mteja.

Mwenye kuuza kwa hiari yake na kwa sababu ya maana, hana lawama. Ila Ibn Majah amepokea hadithi kwamba anayeuza nyumba au kiwanja na fedha yake asiiweke katika kitu mfano wake, hatabarikiwa humo. Basi aliyeuza Ilala akanunua Chanika au Kibaha, akabaki na paa juu ya watoto wake, si sawa na aliyeuza akanunua gari.

Yule mama nilimwambia asijibu simu yoyote mpaka eda iishe, kisha awaite watoto wote watano, na wale wawili walio mikoani wasikilize kwa simu. Wameniomba niende kuwagawia mafungu, na nimewataka kwanza watafute hati, kwa sababu mmoja wao anasema aliwahi kumsikia marehemu akitamka kwamba chumba cha mbele ni wakfu wa madrasa. Hilo likithibiti, chumba hicho si cha kuuzwa wala kurithiwa, na hesabu yote niliyoipiga hapa inabadilika. Masuala ya wakfu wa kutamkwa bila maandishi nitayaeleza juma lijalo, inshaAllah.